Mbwa wa Mwituni

Louisville, Kentucky
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Jovini,

Salamu zikufikie wewe, Gentille na watoto, ziwakute mnakula vizuri na mnalala bila kushtuka. Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua ninapowageuza wazee vitandani kule kazini, lakini goti si habari ya kuandikia barua. Mwambie Gentille unga wa muhogo umefika, tumeusonga, na nimekubali kwamba Wakongo wanajua ugali, ingawa sitasema hivyo mbele ya kaka yake. Mwambie na Sandrine kwamba ile picha aliyonichorea, ya mzungu mwenye kofia kubwa, bado nimeibandika kwenye friji.

Utashangaa kuona karatasi. Kwenye simu nikianza tu kukugombeza unasema uko kiwandani, mtandao mbaya, dada nitakupigia. Karatasi haina mtandao mbaya. Kaa chini uisome mpaka mwisho, na uisome peke yako kabla ya kumwonyesha mkeo. Baba hajui kwamba naandika, alinikataza kabisa. Habari yenyewe ni ya shamba lake la mbuzi, ambalo tunalipoteza mwisho wa mwezi huu kama hakuna atakayefanya kitu.

Unakumbuka Baba alivyokuwa kabla ya lile shamba. Mgongo ulipomtoa kazini alikaa dirishani kwangu kutwa nzima akihesabu magari ya watu, na nikimuuliza anataka nini anasema hataki kitu. Kisha wazee wenzake wa kanisani wakampata Mzee Harlan, yule mzungu wa ng'ombe, akawakodisha lile bonde lenye kijito. Baba akapata mbuzi, na mbuzi wakamrudisha Baba. Akaanza kunyoa ndevu. Akaanza kunigombeza tena, nikajua amepona. Kwa hiyo nikisema shamba, usidhani nasema majani na ua.

Mwezi wa tatu mbuzi walikuwa wanazaa. Asubuhi moja Baba akakuta vitoto viwili vimeraruliwa karibu na kijito, na mama yao analia kwa sauti ambayo Baba alisema hajaisikia tangu kambini. Wiki hiyo hiyo Harlan akapoteza ndama. Tukasema ni koyoti, wale mbweha wa huku, maana wapo na wanajulikana. Lakini koyoti huchukua kidogo akakimbia, huyu aliua akaacha, kama mtu asiyejua kazi. Kisha ndama wa pili akafa, na mbuzi jike yule mweusi ambaye watoto wako walikuwa wakimpanda mgongoni.

Nikueleze kwanza hofu ya watu wa huku, usije ukawaona wendawazimu. Wafugaji na wawindaji wa hapa wana neno moja linalowanyima usingizi, nalo ni mbwa mwitu. Babu zao waliwamaliza kwa bunduki na mitego, lakini huko magharibi ya nchi wamerudishwa, na wafugaji wa huko wanazika ndama. Harlan alinieleza akiwa ameegemea gari lake kwamba wanaopiga kura mbwa mwitu warudi ni watu wa mjini, ambao hawajawahi kuamka wakakuta ng'ombe ametolewa utumbo akiwa bado anapumua. Wawindaji nao wanasema kulungu watakwisha, na kwamba serikali itawaachia hao wanyama kimya kimya, mtu aje ajue wakati ameshakula hasara. Nilipomtafsiria Baba, alitikisa kichwa akasema anawaelewa vizuri, kwa sababu na yeye maisha yake yote yameamuliwa na watu walio mbali.

Basi wakaitisha kikao kwenye ukumbi wa zimamoto wa kijiji. Harlan akamwomba Baba aje, kwa kuwa ndiye peke yake aliyemwona huyo mnyama kwa macho, jioni moja, akinywa maji kijitoni. Nilikwenda kumtafsiria. Nilivaa gauni langu la Pasaka na kitambulisho cha ukalimani nilichopewa hospitalini, usicheke, nilitaka waone kwamba tuna watu wetu. Ukumbi ulijaa makofia na mabuti, kahawa kwenye ndoo kubwa, na watoto wenye jaketi za kuwinda zinazowapwaya.

Baba akasimama, kofia mkononi. Akasema kwa Kiswahili, polepole ili nimfuate, kwamba aliyemwona ni mbwa wa mwituni, mkubwa, wa kijivu, mwenye mkia mzito. Nami nikageuka nikawaambia kwa Kiingereza lile neno lao, wolf. Jovini, ukumbi ulilipuka. Mwanamke mmoja alianza kulia. Wanaume walisimama wakasema si tuliwaambia, si tuliwaambia. Harlan akaja akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema mbele ya wote kwamba huyu mzee Mwafrika anawajua wanyama wakali kuliko maofisa wote, na kwamba yeye Harlan anasimama na neno lake. Sijawahi kujivuna namna ile tangu tuingie nchi hii.

Garini Baba aliniuliza niliwaambia nini hata wakaruka vile. Nikamjibu, mbwa mwitu, kama ulivyosema. Alitazama nje ya dirisha mpaka tulipofika taa za mjini, kisha akasema, haya. Nilidhani amechoka.

Tangu siku ile bonde halikulala. Ofisa wa wanyamapori alikuja akapima nyayo, akasema si mbwa mwitu, ni mbwa tu au koyoti mkubwa. Angekaa nyumbani ingekuwa nafuu, kwani wote walisema ametumwa kuficha, na Harlan akaongea na gazeti la kwao akisema serikali inawafanya wajinga. Wakafunga kamera kwenye miti. Moja ilipiga picha: mgongo wa kijivu, masikio yaliyosimama, ukungu mtupu. Mimi niliitazama nikasema ndiye, yule yule wa Injili aliyevaa ngozi ya kondoo. Baba aliomba miwani, akaipangusa kwa shati, akatazama sana, akairudisha picha. Wanaume wakawa wanakaa na bunduki mapajani kwenye magari yao, na mimi nikimpeleka Baba kulisha mbuzi nilikuwa naimba njiani kwa nguvu, wasije wakanidhania kitu kingine.

Hapo ndipo nilipomkuta Baba na bakuli. Alikuwa ameinama kijitoni anaweka ugali uliochanganywa na mafuta ya nyama, kwenye lile bakuli la bati la kunyweshea kuku. Nikamgombeza, nikamwambia anawalisha wanaomla. Akanijibu kwamba mwenye njaa hana hila, akaendelea kuosha mikono yake. Niliogopa, nikafikiri uzee umeanza kumchezea kichwa. Wiki moja baadaye mtoto wa Harlan aliliona bakuli lile, akampelekea baba yake habari, nami nikaeleza kwamba ni mila zetu. Unajua ninavyojibu haraka nikibanwa.

Ukumbi ukaamua wamsake Jumamosi, watu wengi kwa pamoja, wamsukume kutoka msituni mpaka kijitoni. Nami kwa kiherehere changu nikampigia shemeji yako Masumbuko, kaka yake Gentille, kule Columbus, maana kila mwaka anatutumia picha za kulungu wake kama vile ni wajukuu. Alikuja kutoka kwake Westerville, pembezoni mwa Columbus, alfajiri, jaketi la chungwa, kibali cha kuwinda kimening'inia shingoni, bunduki imefunikwa blanketi la mtoto. Hakuketi hata kunywa chai. Alisema, "Bon, ile nyama njo nitaiua mimi, musiogope." Nikamwambia sisi nyama ni ya sufuria, anayetusumbua ni mnyama. Akacheka, tukacheka, na ndiyo mara ya mwisho nilicheka wiki hii.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu na baridi ya mifupa. Wanaume walijipanga juu ya kilima, sisi tukawekwa chini: mimi na Baba kando ya gari la Harlan, Masumbuko hatua chache mbele yetu amepiga goti kwenye matope. Nilikuwa pale kwa ajili ya kutafsiri, ili Mkongo, Mrundi na mzungu wasipigane risasi kwa kutoelewana. Tukasikia kelele zinashuka. Baba alikuwa anatetemeka, nikampa skafu yangu, akaikataa. Alikuwa anasema kitu kwa Kirundi midomo ikicheza tu, na nilipoinama nikasikia anasema, asije, asije, asije huku.

Akaja. Alitoka kwenye vichaka amelowa, mbavu zinahesabika, ulimi nje. Masumbuko akainua bunduki. Yule mnyama alisimama, hakuitazama bunduki wala wanaume waliokuwa wakipiga kelele nyuma yake, alimtazama Baba, na ule mkia mzito ukatikisika chini chini. Nikaona jicho moja la kahawia na jingine la buluu. Nikaona sikio la kushoto, ile pembe iliyokatwa na seng'enge nyuma ya nyumba yenu ya zamani. Mdomo wangu uliita kabla akili haijafika.

Niliita, "Semeni!"

Ndiyo, ndugu yangu. Mbwa wako. Uliyemwita Semeni ili majirani waliokuwa wakikusengenya, eti wakimbizi siku hizi wanafuga mbwa kama wazungu, waseme mpaka wachoke. Alikuja anaburuta tumbo kwenye matope, akaingiza kichwa katikati ya mabuti ya Baba, akalia kama mtoto. Masumbuko aliishusha bunduki akanigeukia, uso wote umemtoka rangi. "Mais iko mbwa ya batoto! Angelika, iko mbwa ya kwa Jovini!" Nikamwambia funga mdomo. Namshukuru Mungu kwamba wale wazungu Kiswahili hawajui.

Mlipohamia Buffalo, nyumba ya kupanga ya Cheektowaga ilikataa mbwa mkubwa, hilo tulilijua sote. Ukatuambia umempa mzungu wa Indiana, ng'ambo ya mto, mwenye shamba na kofia kubwa, ukawaambia watoto hivyo hivyo, na Sandrine akamchora huyo mzungu. Nimeitazama ile picha kwenye friji tangu jana. Hakuna mzungu wa Indiana, sivyo? Kuna wewe na gari limejaa mizigo, na barabara ya kwenda kwa Harlan, na mlango uliofunguliwa. Labda ulijiambia anaijua njia ya shambani kwa Baba, atafika, atapata chakula. Siku ile ilikuwa katikati ya wiki, Jovini. Shambani hapakuwa na mtu. Na alipofika watu walipokuwepo, alikuwa ameshapigwa mawe na kukimbizwa na kila mwenye kuku.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Harlan alishuka kilimani na wenzake. Aliona mbwa kwenye miguu ya Baba, akavua kofia, akaniuliza nimeita nini. Nikasema nimeita jina. Akauliza mbwa ni wa nani. Wanaume wote wale walisimama na bunduki zao, manyunyu yanagonga kofia. Mimi nilikuwa nafungua kinywa kukutaja. Kweli nakwambia, jina lako lilikuwa limeshafika kwenye meno. Baba akanishika kiwiko akasema, "Mwambie ni wangu." Nikasema, Baba. Akasema, "Angelika, kazi yako ni kutafsiri."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, na Kiingereza changu hakijawahi kuwa kizuri namna ile.

Harlan hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilikumbuka lile bakuli la ugali, na mila nilizomwambia, akaunganisha mambo kama ambavyo mtu yeyote angeunganisha. Alisema alisimama mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya neno la Baba, akamwita ofisa mwongo, akatokea gazetini, kumbe mzee alikuwa anamlisha mwenyewe kila jioni huku jirani zake wakikesha. Alisema ndama hufa, hilo analijua tangu utotoni, lakini hawezi kuwa na jirani wa namna hiyo. Mbuzi waondoke mwisho wa mwezi. Na Jumamosi ijayo Baba asimame tena pale ukumbini awaambie watu wote kwamba mbwa mwitu hayupo, mbwa ni wake, na yeye ndiye aliyemwachia. Baba akakubali bila kuuliza kitu. Nilitaka ardhi inimeze.

Garini nilimlilia na kumpigia kelele, vyote pamoja. Ndipo akasema. Alimtambua Semeni siku ile ya kwanza kijitoni, kwa lile jicho. Alimwita, mbwa akaogopa akakimbia. Akaanza kuweka ugali ili amkamate polepole, amfiche, yaishe bila mtu kujua ni wa nani. Na pale ukumbini alitaka Harlan ajue ukweli wa kutosha, kwamba ni mbwa aliyeachwa, si mnyama wa serikali, bila kumtaja mwenye mbwa. Kwa hiyo akasema mbwa wa mwituni.

Wewe na mimi tumekulia kambini Ngara. Watu walipopakiwa kwenye malori kurudishwa nyumbani, mbwa walibaki wamekaa kwenye milango ya nyumba zilizobomolewa, wakingoja. Wakangoja mpaka njaa ikawaingiza porini, kisha wakarudi kwa makundi kula mbuzi wa sisi tuliobaki. Hao ndio tuliokuwa tukiwaita mbwa wa mwituni. Kila mtu wa kambi anajua si mnyama, ni mbwa wa fulani. Hata mimi najua. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa gauni la Pasaka, nikakimeza kile kijineno cha katikati, "wa", kama kipande cha mkate, nikawapa wazungu mbwa mwitu wao waliokuwa wakimngoja. Baba alielewa garini nilichofanya, akaona kosa langu linamfunika mwanawe, akaliacha lilale. Akasema hakujua kwamba litaleta bunduki.

Kwa hiyo mara ya kwanza Baba alisema kweli, nami nikaitafsiri ikawa uongo. Mara ya pili alisema uongo, nami nikautafsiri sawasawa. Kosa langu la kwanza nitalibeba mwenyewe mbele ya ukumbi, nimeshamwambia Harlan nina jambo la kusema. Hili la pili si langu, na si la Baba. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na Baba ameamua kuivaa hiyo nguo na kuifunga vifungo. Nimemuuliza kwa nini. Akasema una watoto wadogo na jina lako bado ni jipya huko Buffalo, yeye ni mzee, jina lake linaweza kuchafuka kidogo. Alisema hivyo huku anafunga kamba shingoni mwa mbwa, kwa upole, kama anamvalisha shati.

Nimekukasirikia mpaka mikono inauma. Lakini pia nakujua. Najua huyo mbwa ulimlea kwa chupa, na najua ulivyoendesha gari mpaka Buffalo bila kutazama kioo. Sikuandikii ili ulie. Harlan ni mtu wa kuambiwa. Nimemwona akimzika ndama kwa mikono yake na kofia imewekwa pembeni. Akijua kwamba Baba aliachiwa mbwa na mwanawe akajaribu kumwokoa kila mtu kwa bakuli la ugali, nafikiri shamba litabaki. Lakini mimi nikisema, atanidhania natafsiri tena. Ni lazima asikie kutoka kinywani mwako, na Kiingereza unacho.

Kikao ni Jumamosi alasiri. Ukitoka Cheektowaga Ijumaa baada ya zamu, utalala Columbus kwa Masumbuko. Anakungoja, na ameapa hatakusema, ingawa kwa Masumbuko kiapo ni kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Asubuhi mtakuja pamoja. Nitakuwekea kiti mbele, karibu na Baba. Usipokuja, Baba atasimama na kofia yake mkononi atasema ni wake, na mimi nitatafsiri, kwa sababu ameniambia hiyo ndiyo kazi yangu.

Msalimie sana Gentille. Wabusu watoto, na Sandrine usimwambie kitu bado, hilo nalo utalisema mwenyewe. Goti linakusalimu. Baba angekusalimu kama angejua.

Semeni tumemfunga kwenye nguzo ya banda la mbuzi, mlango umefungwa kwa kufuli, Harlan amekubali akae hai mpaka kikao. Anakula, na kidonda cha mguuni kinakauka. Ila kila gari likipita barabarani anainuka, anasimama na kusikiliza mpaka lipotee, ndipo analala tena.

Ni mimi dada yako,
Angelika